Jina Lililobaki Nyuma ya Picha

Mhadhara kwa watu wa Ramisi, Kaunti ya Kwale

Tarehe 30 Aprili 1840 merikebu iitwayo Sultana, mali ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Zanzibar, iliingia bandari ya New York ikitoka Zanzibar. Ilipakia kahawa, tende, karafuu, ngozi na pembe za ndovu, na wakili wa Sayyid katika safari hiyo alikuwa Ahmad bin Naaman. Wakuu wa mji walimkirimu, na mchoraji Edward Mooney akamchora akiwa na kilemba chake. Anayeitazama picha hiyo leo hana la kukisia: jina la mtu lipo, la baba yake lipo, la mchoraji lipo, chombo alichosafiria na shehena yake vimeandikwa. Miaka hiyohiyo, katika mji huohuo na vijiji vya jirani, wanawake maelfu wa Kimarekani nao walikaa mbele ya wachoraji. Picha zao zimejaa katika majumba ya makumbusho na maduka ya minada ya nchi yao, na nyingi zina kibandiko kimoja tu: mwanamke asiyejulikana. Mgeni wa miezi michache anajulikana. Mwenyeji aliyezaliwa na kuzikwa palepale hajulikani. Jambo hili linahitaji kuelezwa, na kulieleza ndiko kutakakotufikisha hapa kwetu, kwenye picha za wanawake wa pwani.

Maelezo yanayokuja haraka ni kwamba muda umepita na watu wamesahau. Siyakubali. Muda ulimpitia Ahmad bin Naaman kama ulivyowapitia wanawake wale. Tofauti ni kwamba yeye aliandikwa, na wao hawakuandikwa, au waliandikwa kwa namna inayowaficha. Sensa za Marekani kabla ya 1850 zilimtaja kwa jina mkuu wa nyumba peke yake. Mke, binti na mama mkwe walihesabiwa kwa umri tu. Mwanamke aliyeolewa aliitwa kwa jina la mumewe, hata kibandiko cha picha yake kikambeba mume: mke wa fulani. Mume akioa tena, mke wa fulani ni wawili. Picha ikirithiwa na binti, naye akaolewa kwingine, inahamia nyumba yenye jina la ukoo tofauti kabisa. Ikifika mnadani baada ya vizazi vitatu, hakuna hata herufi moja inayoiunganisha na nyumba ilikotoka. Wanaume wa ukoo hubaki na jina lao hata picha ikihama, kwa sababu jina lao ndilo la nyumba. Kwa hiyo nasema jina la mwanamke yule lilipotezwa na taratibu za kuandika, tena taratibu zinazojulikana, na anayelitafuta sharti azifuate taratibu hizo kinyumenyume. Atakayeanza na uso atapotea njia.

Watafiti wa Marekani wamelijua hili kwa kufanya kazi. Mwanamke wa kwenye turubai akiwa na mikono ya gauni iliyofura kutoka begani hadi kiwikoni, wanajua wako katika miaka ya mwanzo ya 1830, maana mtindo huo ulipofika kama 1836 ulianguka ghafla. Lakini gauni ni shahidi wa wakati tu, tena shahidi wa upande mmoja: linasema picha haikuchorwa kabla ya mtindo kuingia, wala haliwezi kuapa kwamba mwenye gauni hakuendelea kulivaa miaka kumi baadaye kwa sababu ya umaskini au ya kulipenda. Kwa hiyo wanageuza picha. Nyuma ya turubai huweza kuwa na mhuri wa muuza vitambaa na anwani ya duka lake, na vitabu vya anwani za miji vinaonyesha duka lilikaa mtaa huo miaka gani. Kwenye ubao wa fremu huweza kuwa na mwandiko wa penseli. Hapo ndipo wanapokwenda kwenye wasia, orodha za mali ya marehemu, na daftari la mchoraji likipatikana. Wakati mwingine hata mchoraji mwenyewe amepotea. Ammi Phillips, aliyeishi kati ya 1788 na 1865 na kuzunguka vijijini akichora watu, kazi zake zilidhaniwa kuwa za watu wawili tofauti wasiojulikana majina, mpaka katikati ya karne ya 20 ilipoonekana kwamba mkono ni mmoja. Walimtambua kwa kuanza na picha chache zilizokuwa na sahihi au hati, kisha wakaenda kwa nyingine. Walitoka kwenye linalojulikana kwenda kwenye lisilojulikana, na mpangilio huo ndio siri ya kazi yote.

Mfano ulio karibu zaidi na sisi umetoka New Orleans. Kuna picha ya 1837, inayodhaniwa kuwa ya Jacques Amans, yenye watoto watatu wa familia ya Frey. Nyuma yao alikuwa amesimama kijana mweusi mtumwa, na karibu mwaka 1900 mtu alimpaka rangi juu akamfuta kabisa. Rangi ilipoondolewa akaonekana tena, lakini hakuwa na jina. Aliyempa jina hakulipata usoni mwake. Alitafuta familia ya Frey katika kumbukumbu za mauzo, akakuta katika mali yao kijana wa umri unaolingana, akiitwa Bélizaire. Mwaka 2023 jumba la makumbusho la Metropolitan la New York liliinunua picha hiyo, na jina lake sasa linatangulia katika anwani ya picha. Huko Ufaransa nako, picha aliyoichora Marie-Guillemine Benoist mwaka 1800 ilikaa zaidi ya karne mbili ikiitwa kwa rangi ya mwanamke aliyemo. Mwaka 2019 ilionyeshwa Paris kwa jina la Madeleine. Angalieni kejeli iliyopo: hati zilizowafanya watu kama Bélizaire kuwa bidhaa ndizo zilizohifadhi majina yao. Mtumwa aliandikwa jina alipouzwa, huku kwenye orodha za watumwa za sensa za Marekani za 1850 na 1860 akiandikwa umri, jinsia na rangi chini ya jina la bwana wake, bila jina lake mwenyewe. Mtafutaji hana anasa ya kuchagua karatasi safi.

Sasa tugeuke huku kwetu. Sisi hatukuwa na wachoraji wa turubai. Tulikuwa na kamera. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 wapiga picha, wengi wao Wagoa, walifungua studio Zanzibar na Mombasa. Jina la A. C. Gomes na la ndugu wa Coutinho limechapwa kwenye kadi za posta zilizosafiri hadi Ulaya na Marekani. Kadi hizo zimejaa wanawake: amesimama na mtungi, ameketi juu ya mkeka, anasukwa nywele, wawili wamevaa leso sare. Jina la studio lipo pembeni. Maelezo yapo chini: mwanamke wa Kiswahili, mrembo wa Zanzibar, wasichana wa Mombasa. Jina la mwanamke halipo. Mkusanyiko wa Winterton, ulioko Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani, una picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, na mtu wa Ramisi mwenye simu anaweza kuzitazama kwa wingi. Maelezo ya kadi yaliandikwa ili kadi iuzwe; mnunuzi wa Hamburg au London alitaka aina ya mtu, wala hakumtaka mtu mwenyewe. Ilikuwa kawaida katika biashara hiyo picha moja kuuzwa kwa maelezo mawili tofauti. Kwa hiyo onyo la kwanza kwa anayetafuta: maneno ya chini ya kadi yanatuambia habari za soko, na asiyasome kama ushuhuda juu ya mwanamke.

Onyo la pili linahusu mavazi, na hapa ndipo penye utajiri na hatari kwa pamoja. Pwani ya wakati ule ilisomeka kwa nguo. Kaniki ilikuwa vazi la mtumwa na la kazi. Merikani, kitambaa kilicholetwa na meli za Salem, Marekani, kilivaliwa na maskini wengi. Barakoa iliyofunika uso ilikuwa ya wanawake wa Kiarabu wa nyumba kubwa. Leso zilipata nguvu katika robo ya mwisho ya karne ya 19. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, ambalo leso zake mnazijua kwa chapa ya Mali ya Abdulla, lilianzishwa 1887. Maandishi kwenye leso yalikuja baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, kwa herufi za Kiarabu kwanza na za Kilatini baadaye. Mama yeyote hapa anayejua leso anaweza kukisia umri wa picha vizuri kuliko profesa asiyezijua: leso yenye maandishi kwa herufi za Kilatini haiwezi kuwa ya 1885, hata kibandiko kiseme hivyo. Majasi masikioni, kipini puani, mitali miguuni, namna leso ilivyofungwa kifuani, vyote ni ushahidi. Lakini baada ya amri ya 1897 iliyoondoa hali ya utumwa kisheria Zanzibar na Pemba, na sheria ya 1907 iliyofanya hivyo katika pwani ya Kenya, wanawake waliokuwa watumwa waliacha kaniki kwa makusudi wakavaa leso, na baadaye buibui, ili wasisomeke tena kama zamani. Nguo ilikuwa tamko. Atakayesema huyu amevaa vizuri basi ni mwungwana, anausoma utaratibu ambao mwanamke huyo alikuwa anauvunja mbele ya kamera. Tena studio nyingi ziliazima nguo na mapambo, kwa hiyo kidani kinachoonekana shingoni huenda ni mali ya mpiga picha.

Wapo watakaonijibu kwamba angalau nguo hutuambia mahali. Hata hilo si lazima. Mwanamke wa Zanzibar wa karne ya 19 ambaye picha zake zinajulikana zaidi ni Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa 1844. Picha yake akiwa na mavazi ya kifalme ya Zanzibar imechapwa vitabuni mara nyingi, na mtazamaji hudhani ilipigwa ndani ya jumba la Beit al-Mtoni. Ilipigwa studio, Hamburg, baada ya kutoroka Zanzibar mwaka 1866, kuolewa Aden mwaka uliofuata na kuitwa Emily Ruete. Nguo ni za Unguja, kamera ni ya Ujerumani, na mwanamke yuko katikati. Yeye tunamjua kwa sababu aliandika: kitabu cha maisha yake kilitoka 1886. Mama yake, Jilfidan, tunalijua jina lake kwa sababu binti alilitaja. Katika nyumba ile ya masuria wengi, wangapi walipata binti wa kuwaandika?

Basi tufanyeje? Tuanze nyuma ya picha, kama Wamarekani. Kadi ya posta ina mgongo wake. Kadi ambayo mgongo haukugawanywa, ujumbe ukiandikwa upande wa picha, kwa kawaida ni ya kabla ya miaka ya 1902 hadi 1907, kila nchi na mwaka wake. Stempu ya Himaya za Afrika Mashariki na Uganda haikuwepo kabla ya 1903. Mhuri wa posta unaweka mwisho: picha haikupigwa baada ya siku hiyo, ingawa inaweza kuwa ilipigwa miaka ishirini kabla, maana studio ziliuza picha za zamani mpaka zikaisha. Ukishaubana wakati hivyo, unatafuta rejista. Na rejista zipo. Mwezi Januari 1889 huko Rabai watumwa watoro takriban 1,400 walipewa hati za uhuru na kampuni ya Waingereza baada ya mabwana zao kulipwa, na hati ya uhuru haiandikwi bila jina. Misheni ya Frere Town, iliyoanzishwa 1875, iliandika ubatizo na ndoa. Fidia za mabwana chini ya sheria ya 1907 zilidaiwa mahakamani, mtumwa kwa mtumwa. Kwa eneo letu, kati ya Msambweni, Gazi na Vanga, kuna pia karatasi za vita vya Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gazi, aliyepigana na Waingereza 1895 na 1896 mpaka akavuka kwenda kwa Wajerumani na watu wake. Vita huacha orodha. Lakini tusizisifu rejista kupita kiasi. Amri ya Zanzibar ya 1897 iliwaacha nje masuria, na wao hawakuguswa mpaka 1909. Yaani wanawake waliokaa ndani ya nyumba zenye uwezo, waliokuwa na uwezekano mkubwa wa kupigwa picha wakiwa wamepambwa, ndio waliokosekana kwenye karatasi za uhuru. Ukimya wa karatasi nao una umbo, na ukilijua umbo hilo hutapoteza miezi ukitafuta mahali ambapo jina halikuwahi kuandikwa.

Pingamizi kubwa linalotolewa dhidi ya njia hii ni kwamba inawapa karatasi kila kitu, na pwani yetu ni ya watu wa mdomo. Nalipokea, kisha naliongezea sharti. Kumbukumbu ya ukoo ni ushahidi, na kwa Wadigo ni ushahidi wa aina ya pekee, kwa sababu fuko, yaani ukoo, hufuata upande wa mama. Penye urithi wa upande wa mama, jina la bibi na la mama wa bibi lina kazi. Linakumbukwa kwa sababu shamba na haki zilipitia kwake. Katika Massachusetts jina la mwanamke lilifichwa na ukoo wa mumewe. Katika kijiji cha Kidigo cha 1890 lilikuwa nguzo ya hesabu ya ukoo. Hii ni hazina ambayo mtafiti wa Marekani angeililia. Lakini kumbukumbu nayo hupenda watu mashuhuri, na picha isiyo na jina huvuta jina kubwa lililo karibu, likakwama. Dawa ni utaratibu. Picha ionyeshwe bila kibandiko, kwa nyumba mbalimbali, kila moja peke yake, na anayeuliza asitaje jina lolote. Kama nyumba mbili zisizozungumza zimetaja mtu mmoja, na miaka ya mtu huyo inaingia ndani ya miaka iliyobanwa na leso na mhuri, hapo tuna dai linalosimama. Kama zimetaja watu wawili, yaandikwe majina yote mawili na aliyeyataja, wala lisifutwe hata moja.

Kuhusu kufanana sura, sina subira nako sana. Kila ukoo una pua yake, husemwa, na kweli ndugu hufanana. Ila wasiokuwa ndugu nao hufanana, na pwani iliyochanganya Wavumba, Washirazi, Wadigo, Waarabu na waliotoka bara kwa vizazi vingi haina uso wa ukoo mmoja. Programu za kompyuta za kulinganisha nyuso hazijabadilisha jambo hili: zinahitaji picha nyingine ya mtu yuleyule yenye jina, na picha hiyo ndiyo isiyopatikana. Sura ije mwisho, kama kithibitisho kidogo juu ya ushahidi mwingine.

Pingamizi jingine ni zito zaidi, na linatoka majumbani mwetu. Kuna wanaosema: mwanamke yule alikuwa wa sitara, jina lake halikuitwa barazani wakati wa uhai wake, kwa nini tulitangaze leo pamoja na uso wake? Hoja hii ina heshima yake na siikejeli. Ila tuangalie hali ilivyo. Uso umekwisha kutangazwa. Uliuzwa madukani na kutumwa kwa posta zaidi ya miaka mia iliyopita, na leo uko kwenye skrini za dunia nzima. Kilichofichwa ni jina peke yake, na kukosekana kwake ndiko kunakomwacha aitwe mrembo na mwanamke wa aina fulani na kila apitaye. Isitoshe, kutambua na kutangaza ni mambo mawili. Ukoo ukishamjua mtu wao, wana haki ya kuamua jina libaki nyumbani, au picha iondolewe maonyeshoni, na bila kumjua hawana hata haki ya kuomba. Haki hiyo ya wenye mtu napenda iandikwe katika mkataba wowote utakaofanywa na majumba ya makumbusho ya nje.

Mwisho, asiwepo wa kudhani kwamba haya ni ya karne ya 19. Kipande cha wakati wa ukoloni, kilichoanza kutumika kwa nguvu karibu 1920, kiliwaandika wanaume. Wanawake wa Kenya hawakuingizwa katika sheria ya usajili wa watu na vitambulisho hadi 1978. Kiwanda cha sukari cha hapa Ramisi kilianza 1927 na kufungwa 1988. Kwa sehemu kubwa ya umri wake, mwanamume aliyekata miwa alikuwa na karatasi ya serikali yenye jina lake, na mkewe au dada yake hakuwa nayo. Picha za wanawake wa miaka hiyo zipo, ndani ya albamu na masanduku ya nyumba zetu, nyingi zimepigwa studio za Mombasa kwa ajili ya harusi na Idi, na zinazidi kuwa picha za watu wasiojulikana kila tunapozika mzee. Kazi ya kuzipa majina haihitaji Northwestern wala fedha za wafadhili. Chukueni picha hizo wiki hii, mkae na bibi zenu, na nyuma ya kila moja mwandike kwa penseli laini, wala si kwa kalamu ya wino inayopenya karatasi: jina lake na la mama yake na la baba yake, kijiji, mwaka au tukio lililokuwa karibu, na jina la aliyewaambia.